Pimamaji Isiyo na Maji

Chombo kipya kiingiapo nchini huja na jina lake la kigeni, nasi hutakiwa tuamue ama kulipokea jina hilo, ama kukitafutia jina katika lugha yetu. Hapana budi kwanza tuijue kazi ya chombo chenyewe. Kifaa cha leza kinachotumiwa na waashi na maseremala kuonyesha usawa ni mfano mzuri.

Tangu kale ujenzi una masharti mawili: ukuta usimame wima, na sakafu ilale sawa. Kwa la kwanza Kiswahili kina timazi. Kwa la pili kina pimamaji. Masharti hayo ni ndugu. Mafundi wa Misri ya kale waliitundika timazi katika fremu ya mbao yenye umbo la herufi A. Uzi ulipoangukia alama ya katikati, walijua kuwa miguu ya fremu imekaa sawa. Kifaa cha namna hiyo kilikutwa mwaka 1886 katika kaburi la fundi Sennedjem, huko Deir el-Medina.

Mnamo mwaka 1661 Mfaransa Melchisédech Thévenot alibuni kipimo chenye kiowevu na kiputo cha hewa ndani ya kioo. Kiowevu cha vipimo hivyo kwa kawaida ni spiriti, si maji. Hata hivyo twakiita pimamaji, wala jina hilo halimpotoshi fundi, kwa kuwa lataja kazi anayoijua. Maji halisi yamebaki katika mpira mwangavu wa mafundi, ambamo ncha zote mbili za maji hukaa kimo kimoja.

Neno leza lina historia nyingine. Gordon Gould aliliandika katika daftari lake mwaka 1957, akiliunda kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza. Na Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko California tarehe 16 Mei 1960. Herufi hizo hazina maana kwetu, hivyo kulitohoa neno zima ni sahihi. Kwa kuwa nuru ya leza husafiri katika mwale mwembamba ulionyooka, ilichukua nafasi ya uzi wa fundi. Nchini Marekani, ambako nyumba nyingi hujengwa kwa fremu za mbao, mstari mmoja wa nuru huonyesha kimo kimoja juu ya nguzo zote za chumba kwa mara moja.

Lakini mwale haujui usawa. Ndani ya vifaa vingi vinavyojisawazisha huning'inia timazi ndogo inayotulizwa kwa sumaku. Timazi hiyo ikiharibika kwa kuangushwa, mwale utabaki umenyooka vilevile, ila utakuwa umekwenda upande. Mwanafunzi aliyefundishwa kukiita kifaa hicho "leza" tu ataiamini nuru, na kosa litaenea nyumba nzima. Aliyefundishwa kwamba ni kipimo atakijaribu kwanza kwa alama za kuta mbili zinazokabiliana.

Kwa sababu hiyo twapendekeza "pimamaji ya leza". Atakayesema kwamba ndani yake hamna maji akumbuke kwamba hata katika kioo cha spiriti hayamo. Jina kuu litaje kazi, na leza ibaki kuwa sifa yake. Mtafsiri wa mwongozo wa kifaa hicho akiufuata utaratibu huu, atakuwa amemsaidia fundi kulinda ukuta wake.