Kifua Kubana kwa Msongo wa Mawazo: Jinsi Upumuaji wa Utulivu Unavyosaidia na Wakati wa Kuwahi Hospitali

Kifua kubana ni miongoni mwa hali zinazomtia mtu hofu kwa haraka, kwa kuwa kila mmoja anafahamu kuwa ndani ya kifua umo moyo na yamo mapafu. Hali hiyo inaweza kumpata mfanyabiashara mdogo anayekaribia tarehe ya rejesho la mkopo, mwanafunzi anayesubiri matokeo ya mtihani au mtu anayemuuguza mzazi wake usiku na mchana. Pale chanzo kinapokuwa ni msongo wa mawazo, upumuaji wa polepole unaofanywa kwa makini huweza kuituliza. Hata hivyo, ni muhimu mwananchi atambue kwanza dalili ambazo hazipaswi kutulizwa nyumbani.

Dalili za kuwahi hospitali

Magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yanaongoza kwa kusababisha vifo duniani. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 17.9 walifariki kutokana nayo mwaka 2019. Kwa sababu hiyo, maumivu ya kifua yanayotokea ghafla yasihesabiwe kuwa ni mawazo tu.

Mgonjwa awahishwe katika kituo cha afya bila kuchelewa endapo:

- anahisi kama amewekewa uzito kifuani kwa zaidi ya dakika chache;
- maumivu yanasambaa hadi begani, mkononi, shingoni, kwenye taya au mgongoni;
- anatokwa na kijasho chembamba, anahisi kichefuchefu au anaishiwa nguvu;
- anashindwa kupumua, midomo inabadilika rangi au anapoteza fahamu.

Baadhi ya wagonjwa, hususan wanawake, wazee na wenye kisukari, wanaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu makali, bali kwa kuhema, uchovu usio wa kawaida au kichefuchefu. Aidha, kifua kubana kunaweza kutokana na pumu, homa ya mapafu au kiungulia. Hivyo, hali inayojitokeza kwa mara ya kwanza au inayojirudia inahitaji kupimwa na mtaalamu kabla ya kuitwa msongo wa mawazo.

Kinachotokea mwilini

Mtu anapopatwa na hofu, ubongo huuandaa mwili kukabiliana na hatari au kuikimbia. Homoni ya adrenalini humwagwa katika damu, mapigo ya moyo huongezeka na misuli ya shingo, mabega na ile iliyo kati ya mbavu hukaza. Maandalizi hayo yana manufaa kwa mtu anayemkimbia nyoka, lakini hayana kazi kwa mtu aliyeketi akiwaza deni.

Katika hali hiyo, mtu huanza kupumua harakaharaka kwa kutumia sehemu ya juu ya kifua. Mtu mzima aliyetulia hupumua takribani mara 12 hadi 20 kwa dakika. Anapozidisha, hutoa hewa ya kabonidayoksaidi nyingi kuliko inavyostahili. Kupungua kwa hewa hiyo katika damu huleta kizunguzungu, ganzi vidoleni na mdomoni, pamoja na hisia kwamba hewa haitoshi. Mhusika huvuta hewa zaidi, hofu huongezeka, na kifua huzidi kubana.

Upumuaji wa polepole huvunja mzunguko huo. Kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hurejea kufanya kazi yake, na misuli ya mbavu hupata nafasi ya kulegea. Aidha, mapigo ya moyo hupungua kidogo kila mtu anapotoa pumzi. Ndiyo maana pumzi ya kutoka hurefushwa kuliko ya kuingia.

Namna ya kufanya

1. Kaa wima bila kujikaza, nyayo zikiwa sakafuni. Legeza mkanda au nguo inayobana.
2. Weka mkono mmoja kifuani na mwingine juu ya kitovu. Lengo ni mkono wa tumboni uinuke zaidi kuliko wa kifuani.
3. Anza kwa kutoa pumzi taratibu, huku ukiteremsha mabega.
4. Vuta hewa kwa pua, ukihesabu moja hadi nne. Usijaze mapafu kwa nguvu.
5. Toa hewa kwa midomo iliyobanwa kidogo, kama anayepoza chai, ukihesabu moja hadi sita.
6. Elekeza fikra kwenye pumzi inayoingia na kutoka. Mawazo yakihama, yarejeshe bila kujilaumu.

Mzunguko mmoja huchukua takribani sekunde 10, sawa na pumzi sita kwa dakika. Dakika tano zinatosha kwa kuanzia, na anayefanya mazoezi kila siku akiwa ametulia hukumbuka hatua hizi kwa urahisi anapopatwa na hofu. Akihisi kizunguzungu, apumzike na kupumua kama kawaida.

Mambo ya kuepuka

Kupumulia ndani ya mfuko hakushauriwi, kwa kuwa kunaweza kumdhuru mwenye ugonjwa wa moyo au pumu ambaye hajatambuliwa. Wagonjwa wa pumu na shinikizo la juu la damu wasiache dawa zao kwa kutegemea mazoezi ya kupumua. Vilevile, pombe na sigara si tiba ya msongo wa mawazo. Huongeza mzigo kwa moyo.

Msaada zaidi

Upumuaji wa utulivu hupunguza dalili. Haulipi deni wala hauponyi msiba. Mtu ambaye hofu, huzuni au kukosa usingizi kumedumu kwa zaidi ya wiki mbili anashauriwa kuzungumza na mtu anayemwamini na kufika katika kituo cha afya kilicho karibu. Nchini Tanzania, wagonjwa wanaohitaji huduma za kibingwa huweza kupewa rufaa, ikiwemo katika Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iliyopo Dodoma.

Lugha ya Kiswahili yenyewe imeweka pumzi na mapumziko katika shina moja, na mtu aliyeondokewa na wasiwasi husemwa kuwa ameshusha pumzi. Kila mwananchi anaweza kujifunza kuishusha pumzi hiyo kwa makusudi, mradi asiitumie kuchelewesha matibabu.