Ala ya Bastola na Haja ya Mvaaji

Bastola haikai mkononi mwa mwenyewe kutwa kucha. Sehemu kubwa ya maisha yake hupita ndani ya ala, na ala ndiyo iamuayo kama silaha itapatikana saa ya haja, au itapotea, au itamdhuru yule yule aliyeivaa. Kwa hiyo historia ya ala si habari ya ngozi na mshono tu. Ni habari ya haja za watu, na ya makosa yaliyowafundisha.

Mwaka 1836 Samuel Colt wa Marekani alipata haki ya uvumbuzi wa bastola yenye silinda izungukayo. Mwaka 1847, wakati wa vita vya Marekani na Mexico, alitengeneza bastola iliyoitwa Walker, ambayo uzito wake ulipita kilo 2. Kiuno cha mtu hakikuweza kustahimili mzigo huo kwa raha; basi bastola zilitiwa katika ala mbili zilizoning'inizwa mbele ya tandiko. Mpango huo ulimpunguzia mpandaji uzito, lakini ulimtenga na silaha yake. Aliyeangushwa alibaki chini mikono mitupu, na bastola zikaenda mbio pamoja na farasi. Bastola ya Navy ya mwaka 1851, yenye uzito wa kilo 1.2 hivi, iliondoa dhiki hiyo, na ala ikapata makao katika mshipi.

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, askari wa farasi walivaa ala yenye kifuniko kipana cha ngozi. Kifuniko kilizuia mvua isiharibu baruti na fataki, na kilizuia bastola isichupe farasi apigapo mbio. Ala ilikaa upande wa kulia, na mpini wa bastola ulielekea mbele, kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa na kazi ya upanga. Ama kasi ya kuchomoa haikuwa haja kubwa ya askari huyo. Haja yake ilikuwa silaha iliyo kavu na isiyopotea.

Vita vilipokwisha, wachunga ng'ombe wa nchi za magharibi walipenda ala iliyo wazi, iliyokatwa katika kipande kimoja cha ngozi na kukunjwa. Ilikuwa nyepesi, na mkono uliifikia bastola upesi. Lakini kilicho rahisi kutoka ni rahisi kuanguka. Januari 1876, mjini Wichita, Kansas, askari polisi Wyatt Earp alikuwa ameketi na wenziwe katika kilabu cha pombe, bastola yake ikateleza kutoka katika ala, ikaanguka na kufyatuka. Risasi ilipenya koti lake mwenyewe. Mtu ambaye jina lake lilikuja kuvuma kwa ushujaa aliponea chupuchupu, wala hapakuwa na adui mbele yake. Ndiyo maana wenye hadhari waliacha tundu moja tupu chini ya nyundo ya bastola.

Kisa cha Samuel Browne kinaonyesha jambo hilo kwa njia nyingine. Afisa huyu wa Kiingereza alipigana India, na tarehe 31 Agosti 1858, katika kushambulia mzinga huko Seerporah, alikatwa mkono wa kushoto begani. Aliishi, akapewa nishani ya Victoria Cross. Lakini tangu siku hiyo hakuwa na mkono wa kushika ala ya upanga huku mwingine ukichomoa. Akabuni mshipi mpana wenye ukanda upitao juu ya bega la kulia, uliotuliza upanga upande wa kushoto na bastola, ndani ya ala yenye kifuniko, upande wa kulia. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Ajabu ni kwamba kilichobuniwa kwa haja ya mwenye mkono mmoja kilivaliwa baadaye na maafisa wenye mikono miwili katika majeshi mengi ya dunia.

Sinema za karne ya 20 zilieneza sura nyingine: ala iliyoshuka chini ya nyonga na kufungwa pajani, kama kwamba kila mtu wa zamani alishindana kuchomoa. Sura hiyo ilifaa kiwambo cha sinema kuliko safari ya siku nzima juu ya farasi.

Basi achaguaye ala, kwa ruhusa ya sheria ya nchi yake, hana budi kujiuliza maswali yale yale: Je, yaishika silaha hata mvaaji akikimbia au akianguka? Je, yafunika kifyatulio barabara, kisiguswe na kidole wala nguo? Je, mkono wake waifikia bila taabu? Anayelijibu swali la tatu tu, akayasahau mawili ya kwanza, amevaa hatari kiunoni pake mwenyewe.