Filamu ya radio: kutoka mawe ya Shinkolobwe mpaka kamera kubwa

KOLWEZI – Katika nyumba nyingi za Kolwezi, filamu ya eksirei, ile inayoitwa radio mtaani, haitupwi. Mgonjwa akirudi kutoka hospitali, inawekwa chini ya godoro pamoja na vyeti vya shule na karatasi za kiwanja. Ni wachache wanaojua kwamba filamu kama hiyo, ikiwa bado mpya, inaweza pia kupiga foto ya mtu akisimama mlangoni mwake. Ni wachache zaidi wanaojua kwamba historia yake inapita katika udongo wa Katanga.

Mwisho wa mwaka 1895, Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aligundua miale inayopita ndani ya mwili na kuonyesha mifupa. Machi 1896, huko Paris, Henri Becquerel alifungua kioo cha picha alichokuwa amekifunga katika karatasi nyeusi na kukiacha ndani ya droo pamoja na chumvi ya urani. Hakukuwa na jua wala taa, lakini alama ilikuwa imetokea. Madini yalikuwa yamejipiga foto yenyewe gizani.

Wakati ule kamera nyingi zilikuwa kubwa, zenye miguu mitatu, na picha nyingi zilishikwa kwenye vioo. Ndiyo miaka ambayo msafara wa Charles Lemaire ulipita Katanga, 1898 mpaka 1900, ukiwa na mpiga foto François Michel. Kioo kizuri kilitoka Ubelgiji. Vita ya 1914 ilipofunga njia hiyo, hospitali zikahamia kwenye filamu. Filamu ya radio ikapakwa dawa ya fedha pande zote mbili, ili ishike miale upesi na mgonjwa asichomwe sana.

Mwaka 1915 urani ilipatikana Shinkolobwe, karibu na Likasi. Kuanzia 1922 Union Minière ilitengeneza radiamu kwa mawe hayo katika kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kwa ajili ya matibabu. Baadaye sehemu kubwa ya urani ya bomu la Marekani ilitoka shimo hilo hilo. Bomu la kwanza lilijaribiwa Julai 1945 katika jangwa la New Mexico. Muda si mrefu, kampuni ya Kodak iliona madoa kwenye filamu zake za radio. Vumbi la bomu lilikuwa limeingia katika maji ya kiwanda cha makaratasi ya kufungia filamu, mbali sana na jangwa lile. Filamu ikatoa ushahidi.

Kolwezi nayo haiko mbali na habari hii. Mawe ya Musonoi yana madini ya urani, na Novemba 2018 mgodi wa Kamoto ulisimamisha kwa muda kusafirisha kobalti kwa sababu ya urani iliyoonekana ndani yake.

Leo hospitali nyingi duniani zinatumia kompyuta. Wapiga foto wa kamera kubwa, Ulaya na Marekani, wananunua filamu ya radio kwa sababu bei yake ni ndogo kuliko filamu ya kawaida. Wanaikata chini ya taa nyekundu, kwa kuwa haioni rangi nyekundu. Kwa sababu hiyo hiyo, udongo mwekundu unatoka mweusi, na ngozi ya mtu inatoka nyeusi kuliko ilivyo. Ndani ya dawa inakwaruzika upesi, maana imepakwa pande mbili. Lakini ina faida moja kubwa: kipande cha sentimita 18 kwa 24 kinalazwa juu ya karatasi ya picha, kinapigwa mwanga, na picha inatoka kwa ukubwa ule ule bila mashine ya kukuzia. Ile ya hospitali iliyokwisha kusafishwa haiwezi kupiga tena.

Mwaka 2006 Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, aliweka picha za zamani za wafanyakazi wa Union Minière juu ya picha za viwanda vilivyokufa. Aliweza kwa sababu kampuni ilikuwa na ghala la picha. Familia zilizofukuzwa Katanga mwaka 1992 na 1993 hazikuwa na ghala. Nyingi ziliondoka na mzigo wa kichwani. Mwaka 2023 Amnesty International na shirika la IBGDH la Kolwezi walitoa ripoti juu ya wakaaji walioondolewa makwao kwa sababu ya migodi. Nyumba ikishabomolewa, mwenye nayo anaulizwa: ilikuwa na vyumba vingapi, na miti mingapi uani?

Iwe kwa kamera kubwa au kwa simu, foto hiyo hupigwa nyumba ikiwa bado imesimama. Nakala moja ikae kwa ndugu anayeishi mbali na shimo.