Kutoka Kusagia hadi Kujiendesha: Historia ya Msamiati wa Kazi ya Mashine Mkoani Mara

1.0 Utangulizi
Dhana ya kazi kufanyika bila mkono wa mtu ina maneno mawili yanayoshindana katika Kiswahili cha leo: otomatiki, ambalo ni la mkopo, na -jiendesha, lililoundwa kwa mofimu za Kibantu. Otomatiki limepitia Kiingereza kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kitendacho kwa hiari yake. Jina la Kiingereza la mchakato wenyewe ni changa zaidi; lilienea baada ya kampuni ya Ford ya Marekani kuunda idara yenye jina hilo mwaka 1947. Makala haya yanadai kwamba Kiswahili kilikwishakuwa na utaratibu wake wa kutaja kazi inapohama kutoka mkononi kwenda kwenye mashine, na kwamba msamiati wa kazi za Musoma, Bunda na Butiama unauonyesha waziwazi.

2.0 Kitenzi Kubaki, Mtenda Kubadilika
Bunda ni nchi ya pamba. Kitenzi -chambua asili yake ni kazi ya vidole: kutenga kizuri na takataka. Viwanda vya pamba vilipoingia Kanda ya Ziwa wakati wa ukoloni, kitenzi hicho hakikuachwa. Kilipewa mtenda mpya, nacho kiwanda kikaitwa cha kuchambua pamba. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa -sokota na -fuma, vitenzi vya mkono vilivyofaa kueleza kazi ya kiwanda cha nguo cha MUTEX mjini Musoma.

Badiliko lenyewe limejificha katika mnyambuliko. Husemwa jiwe la kusagia na jembe la kulimia, kwa kauli ya kutendea, kwa sababu jiwe na jembe ni ala tu na mtenda ni mtu. Lakini umbo lililozoeleka kwa mashine ni mashine ya kusaga. Mashine ya kusagia pia husikika, ila kudondoka kwa -i- katika umbo la kwanza kunaashiria kwamba chombo kimeanza kuhesabiwa kuwa mtenda. Mwenye mtama au udaga naye huenda kusagisha: kauli ya kutendesha inamtoa katika kusaga na kumfanya msababishi.

Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo mwandishi wake mkuu, Julius Nyerere, alizaliwa Butiama mwaka 1922, linaeleza maarifa kwa mifano ya aina hiyo: jembe dogo kuachiwa jembe kubwa, na jembe la mkono kuachiwa plau la kukokotwa na ng'ombe. Zana zinabadilika, -lima inabaki, na mkulima anaendelea kuwa mtenda.

3.0 Tatizo la -jiendesha
Katika -jiendesha, -enda imepata kiambishi cha kutendesha, kisha -ji- ya kujirejelea. Aliyekuwa akiendesha ameondolewa katika sentensi. Chombo kimekuwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, neno hili lina kazi nyingine katika lugha ya utawala: shirika linalojiendesha ni lile linalokidhi gharama zake. Kwa hiyo, kiwanda kinachojiendesha chaweza kuwa na mamia ya wafanyakazi au kisiwe na hata mmoja.

Utata huu si wa kamusi peke yake. Mfanyakazi anapopoteza kazi kwa sababu ya mtambo mpya, sentensi isemayo kwamba kazi sasa inajiendesha humficha aliyeamua iwe hivyo. Otomatiki nalo haliponyi kasoro hiyo, kwani kama kivumishi halidai mtenda kabisa.

4.0 Hitimisho
Otomatiki lifaa kubaki sifa ya kifaa, kama katika gia otomatiki, na -jiendesha libaki kueleza mwenendo wa mtambo. Kwa mchakato wenyewe, utaratibu uliozaa -sagisha unatoa njia bora: kuifanya kazi ijiendeshe. Kirai hiki ni kirefu kuliko mkopo, lakini kinadai kiima. Anayekitumia hulazimika kusema ni nani aliyeifanya kazi ijiendeshe, kama vile kusagisha kulivyomwacha mwenye nafaka akionekana. Waundaji wa istilahi, likiwemo Baraza la Kiswahili la Taifa lililoanzishwa mwaka uleule wa Azimio, wana sababu ya kuupima ufupi wa neno pamoja na kile ambacho ufupi huo unakificha.