Detroit Tigers 2003: Msimu wa vichapo 119

KLABU ya Detroit Tigers, mojawapo ya timu kongwe katika mchezo wa besiboli nchini Marekani, iliandikisha mwaka 2003 msimu mbaya zaidi tangu kuasisiwa kwake. Katika mechi 162 za ligi kuu, timu hiyo ya jimbo la Michigan ilishinda 43 pekee na kupoteza 119. Hakuna klabu nyingine ya Ligi ya Marekani, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya nchi hiyo, iliyokuwa imepoteza mechi nyingi kiasi hicho katika msimu mmoja. Rekodi ya awali, vichapo 117, ilikuwa ya Philadelphia Athletics, nayo ilikuwa imedumu tangu 1916.

Kwa msomaji aliyezoea kandanda, yafaa ielezwe kwamba katika besiboli hakuna sare ya kujificha nyuma yake. Timu hucheza karibu kila siku kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, na kila mechi sharti impate mshindi. Hata timu dhaifu hutarajiwa kushinda walau mechi 60, na bingwa naye hupoteza 60 bila ya mtu kushangaa. Ndiyo maana idadi ya 119 iliwatisha hata waliokuwa wamezoea kuiona Tigers ikivuta mkia. Aidha, hakuna kuteremshwa daraja. Timu iliyofedheheka hubaki pale pale ilipo na kurejea mwaka unaofuata, mbele ya mashabiki wale wale.

Dalili za maangamizi zilikuwa zimeonekana mapema. Tigers walitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1984, lakini kuanzia 1994 hawakuwa wamemaliza msimu hata mmoja wakiwa na ushindi mwingi kuliko vichapo. Mwaka 1996 walipoteza mechi 109. Mwaka 2000 walihamia uwanja mpya wa Comerica Park, wakaiacha Tiger Stadium waliyoitumia tangu 1912, kwa matumaini kwamba mapato ya uga huo yangewaletea wachezaji wa haiba. Uwanja ukawa mpana mno kwa wapigaji wao wenyewe, hata kabla ya msimu wa 2003 ikabidi ua wa upande wa kushoto usogezwe karibu. Msimu wa 2002 ulianza kwa mechi 11 mfululizo bila ushindi. Kufikia ya sita, meneja mkuu Randy Smith na kocha Phil Garner walikuwa tayari wameonyeshwa mlango. Mwisho wa mwaka huo vichapo vilikuwa 106.

Aliyeachiwa jukumu la kusafisha nyumba ni Dave Dombrowski, aliyekuwa ameajiriwa na mmiliki wa klabu, tajiri wa biashara ya piza Mike Ilitch. Dombrowski aliona kwamba kikosi kilikuwa na wachezaji waliolipwa donge nono kwa mikataba ya zamani huku makali yao yakiwa yamekwisha. Damion Easley aliachiliwa kabla ya msimu kuanza ilhali klabu ilikuwa bado inamdai yeye huduma, na yeye anaidai zaidi ya dola milioni 14. Dean Palmer alikuwa akiandamwa na majeraha. Jeff Weaver, mrushaji bora waliyekuwa naye, alikuwa ameuzwa katikati ya 2002 katika mpango uliohusisha klabu tatu, na miongoni mwa walioletwa badala yake alikuwemo kijana aitwaye Jeremy Bonderman.

Kwa upande wa ukocha, klabu iligeukia historia. Alan Trammell, aliyeichezea Tigers pekee kwa miaka 20 na kutajwa mchezaji bora wa fainali za 1984, alikabidhiwa timu ingawa hakuwa amewahi kuwa kocha mkuu popote. Alikuja na wenzake wawili wa kikosi hicho cha ubingwa, Kirk Gibson na Lance Parrish, kama wasaidizi. Mashabiki walifurahi kuyasikia tena majina hayo. Hata hivyo, waliokuwa wakiingia uwanjani mwaka huo hawakuwa Trammell, Gibson wala Parrish.

Tigers walipoteza mechi tisa za mwanzo. Baada ya mechi 18 walikuwa na ushindi mmoja. Baada ya 28, walikuwa na mitatu. Mwezi wa Mei ulipoanza, swali halikuwa tena kama wangemaliza mkiani bali kama wangeipiku rekodi ya New York Mets ya 1962. Mets walikuwa klabu mpya iliyoundwa kwa masalia ya klabu nyingine, na walipoteza mechi 120 chini ya mkongwe Casey Stengel, idadi iliyokuwa kubwa kuliko zote katika karne ya 20. Walau Mets walikuwa na udhuru wa uchanga. Tigers walikuwa wamekuwepo tangu 1901.

Udhaifu ulikuwa kila mahali. Timu ilifunga pointi 591 msimu mzima na kufungwa 928. Mpigaji pekee aliyetegemewa alikuwa Dmitri Young, aliyeupeleka mpira nje ya ua mara 29 na ambaye peke yake aliiwakilisha klabu katika mechi ya nyota wa ligi. Lakini mzigo mzito zaidi uliwaangukia warushaji, na hapa ndipo kisa cha Tigers kinapogusa hisia, kwa sababu waliobebeshwa mzigo huo walikuwa chipukizi.

Watatu miongoni mwa warushaji wa timu walikuwa wametwaliwa kupitia kanuni inayoruhusu klabu kumchukua kijana ambaye klabu yake haikumkinga, kwa sharti kwamba abaki katika kikosi cha ligi kuu msimu mzima. Kwa kawaida timu humchukua mmoja na kumficha benchini. Tigers waliwabeba watatu: Wil Ledezma, Chris Spurling na Matt Roney. Bonderman naye alikuwa na umri wa miaka 20 na alipandishwa moja kwa moja kutoka ngazi za chini za ligi ndogo. Alishinda mechi 6 na kupoteza 19. Mnamo Septemba Trammell alimwondoa katika zamu ya kuanzisha mechi, kusudi asije akafikisha 20.

Idadi hiyo ya 20 ina uzito wake. Kuipoteza mechi hutiwa jina la mrushaji mmoja, na takwimu hiyo humfuata maisha yake yote. Tangu Brian Kingman wa Oakland mwaka 1980, hapakuwa na mrushaji aliyepoteza mechi 20 katika msimu mmoja, kwani makocha huwapumzisha wanaoikaribia. Mike Maroth, kijana wa mkono wa kushoto aliyepewa heshima ya kuanzisha mechi ya kwanza ya msimu, hakupumzishwa. Alipoteza mechi zake tisa za mwanzo mfululizo, na bado kila zamu yake ilipowadia alipanda kilimani na kurusha. Kichapo cha ishirini kilimpata mjini Toronto mnamo Septemba 5, 2003. Alimaliza na ushindi 9 na vichapo 21. Maroth, Bonderman na Nate Cornejo, aliyepoteza 17, ndio waliokuwa nambari ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa vichapo katika ligi kuu nzima, jambo ambalo halikuwa limewahi kuikumba timu moja. Ni vigumu kumlaumu mtu kwa kukubali kufanya kazi ambayo wengine hukingwa wasiifanye.

Zikiwa zimesalia mechi sita, Tigers walikuwa wamepoteza 118. Vichapo viwili zaidi vingewafikisha walipokuwa Mets, vitatu vingewavusha. Hapo ndipo timu iliyoshindwa kwa miezi sita ilipoanza kushinda. Ilipata ushindi mara tano katika mechi hizo sita. Mechi ya Septemba 27 ndiyo iliyobaki vinywani mwa watu wa Detroit: Minnesota Twins, waliokuwa wamekwisha kujihakikishia ubingwa wa kundi na kuwapumzisha baadhi ya nyota wao, waliongoza 8-0. Tigers wakayakomboa yote manane, na katika awamu ya mwisho Alex Sanchez akakimbia hadi kituo cha nyumbani baada ya mpira wa mrushaji mkongwe Jesse Orosco kumpita mdakaji. Matokeo yakawa 9-8. Kesho yake waliwalaza Twins 9-4, msimu ukaisha, na mashabiki wakawashangilia wachezaji kana kwamba wametwaa kombe. Walikuwa nyuma ya Twins hao kwa tofauti ya mechi 47.

Fedheha hiyo ilikuwa na faida yake. Katika besiboli timu dhaifu hutangulia kuchagua chipukizi, na ingawa mwaka 2004 nafasi ya kwanza iliiendea San Diego Padres kwa zamu, ya pili ilikuwa ya Detroit. Tigers walimchagua mrushaji kwa jina Justin Verlander. Nyota kama Ivan Rodriguez na Magglio Ordonez nao walivutwa kwa fedha za Ilitch. Trammell hakuyafaidi matunda hayo. Alifutwa kazi mwishoni mwa 2005, timu ikakabidhiwa Jim Leyland, na mwaka 2006 ikashinda mechi 95 na kufika fainali, ilikolazwa na St. Louis Cardinals 4-1. Bonderman alikuwa nguzo ya kikosi hicho, kama walivyokuwa Brandon Inge na Craig Monroe, manusura wengine wa 2003. Trammell aliingizwa katika jumba la magwiji wa mchezo huo mwaka 2018, kwa sifa zake za uchezaji.

Rekodi ya vichapo vingi zaidi ya Ligi ya Marekani ilibaki mikononi mwa Detroit kwa miaka 21. Iliyowapokonya ni Chicago White Sox, waliomaliza msimu wa 2024 wakiwa wamepoteza mechi 121 na hivyo kuipiku hata ile ya Mets. Kichapo cha 121 walikipata Septemba 27, 2024, miaka 21 kamili tangu mechi ya 9-8, katika uwanja ule ule wa Comerica Park. Waliowabwaga, 4-1, walikuwa Tigers, ambao usiku huo walifuzu kwa hatua ya muondoano kwa mara ya kwanza tangu 2014.