Umeme wa Kusubiri na Safari Yake hadi Mubi

Umeme wa kusubiri ni ule unaoliwa na chombo ambacho mwenyewe ameshakizima. Televisheni iliyozimwa kwa rimoti, king'amuzi chenye taa nyekundu, chaja iliyobaki kwenye soketi baada ya simu kuchomolewa, redio kubwa inayoonyesha saa usiku kucha: vyote hivyo huendelea kuvuta umeme kidogo kidogo vikingoja kuamriwa. Mafundi wa Kenya na Tanzania huiita hali hiyo stendibai. Kongo, ambako ufundi hufundishwa kwa Kifaransa, husemwa veille, yaani kukesha. Jina hilo la pili limekipata kiini cha jambo, kwa kuwa chombo cha namna hiyo hakilali; kinakesha, na anayegharimia mkesha ni mwenye nyumba.

Uzito wa gharama hiyo hutegemea umeme wenyewe unakotoka. Mubi ni kituo cha biashara ya madini katika teritori ya Walikale, Kivu Kaskazini, jirani na Njingala, kwenye barabara inayotoka Walikale kuelekea Kisangani. Nyaya za SNEL, shirika la umeme la taifa la Kongo lililoundwa mwaka 1970, hazijafika huko. Umeme wa majumbani uliingia kwa jenereta, kisha kwa paneli za sola. Kwa sababu hiyo umeme wa kusubiri ulichelewa kufika Mubi, na ulipofika ulikuwa ghali kuliko ulivyokuwa kokote kwenye gridi.

Swichi ilivyohama

Redio na televisheni za mwanzo zilikuwa na swichi iliyokata njia ya umeme moja kwa moja. Ikizimwa, imezimwa, hakuna kilichopita ndani. Mabadiliko yaliletwa na hamu ya kuendesha televisheni bila kuinuka kitini. Mwaka 1950 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa kidhibiti kilichounganishwa na televisheni kwa waya. Mwaka 1956 ilifuata Space Command, rimoti ya mhandisi Robert Adler iliyotumia sauti nyembamba zisizosikika na binadamu. Ili kuipokea amri hiyo, televisheni ilihitaji sikio, yaani sakiti iliyo macho kabla televisheni yenyewe haijawaka. Kisha watengenezaji wakaanza kuziacha vali zikiwa na joto hata baada ya kuzima, ili picha itokee papo hapo.

Rimoti za mwanga usioonekana zilipoenea katika miaka ya 1980, swichi ilihama kabisa. Badala ya kukaa mahali umeme unapoingilia, ilikaa nyuma ya transfoma. Mtumiaji akibonyeza kitufe, picha na sauti hukatika, lakini transfoma hubaki imeshikana na waya wa ukutani na kutoa joto. Saa za video, kumbukumbu za stesheni na chaja za simu ziliongeza idadi ya sakiti zisizolala. Kufikia miaka ya 1990, redio moja kubwa ya kaseti na CD iliweza kula wati 10 au zaidi ikiwa kimya.

Kupima uvujaji

Kwa muda mrefu matumizi hayo hayakuhesabiwa na yeyote, maana kila chombo kilikula kidogo mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti wa Sweden, Eje Sandberg, aliyatazama kama umeme unaovuja. Alan Meier wa maabara ya Lawrence Berkeley huko Marekani aliendeleza vipimo hivyo, na ikadhihirika kwamba katika nchi tajiri uvujaji ulifikia kati ya asilimia 5 na 10 ya umeme wote wa majumbani. Meier alipendekeza kikomo kimoja kilicho rahisi kukumbukwa: chombo kinachosubiri kisile zaidi ya wati 1. Shirika la Kimataifa la Nishati lililichukua pendekezo hilo mwishoni mwa muongo huo. Julai 2001 Rais George W. Bush aliagiza idara za serikali ya Marekani kununua vifaa vilivyotimiza kikomo hicho. Korea Kusini iliulenga mwaka 2010, na Umoja wa Ulaya uliweka sheria ya wati 1 kuanzia Januari 2010, kisha nusu wati kuanzia 2013 kwa vifaa visivyoonyesha saa wala maandishi.

Hesabu yake ni fupi. Mwaka una saa 8,760. Chombo kinachokesha kwa wati 10 mwaka mzima hula uniti (kilowati-saa) karibu 88; kinachokesha kwa nusu wati hula uniti 4 na kitu. Tofauti hiyo haimpunguzii mtumiaji raha yoyote. Ni umeme uliopotea kwa sababu kiwanda hakikulazimishwa kuuokoa.

Mchango wa Walikale na Masisi

Vyombo vilivyopimwa hivyo vilikuwa na mizizi katika udongo wa Kivu. Vipande vya sakiti hushikanishwa kwa solda, na solda hutengenezwa zaidi kwa bati. Kasiterite, jiwe litoalo bati, ilichimbwa Kivu na Maniema tangu enzi za ukoloni, na mwaka 1976 kampuni kadhaa za uchimbaji ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Bei ya bati ilipoporomoka Oktoba 1985, kampuni hiyo haikuinuka tena. Wachimbaji wadogo walishika nafasi yake.

Mwaka 2002 kasiterite nyingi iligunduliwa Bisie, ndani ya msitu wa Walikale. Vijana walibeba magunia ya kilo 50 mgongoni kwa mwendo wa siku mbili hadi Njingala, na kutoka hapo mzigo ulipita mikononi mwa wachuuzi wa Mubi. Ndege ndogo zilitua kwenye kipande cha lami huko Kilambo, zikipakia kasiterite kwenda Goma. Wenye silaha walitoza ushuru njiani, na kwa miaka kadhaa brigedi ya 85 ya jeshi la taifa ilikaa juu ya mgodi huo.

Wakati huohuo sheria ya Ulaya iliongeza njaa ya bati. Kuanzia Julai 2006 risasi ilikatazwa katika vifaa vingi vya umeme. Solda ya zamani ilikuwa na bati asilimia 63 tu, na iliyobaki ilikuwa risasi. Solda mpya iliyotumika zaidi ina bati asilimia 96.5. Teritori ya Masisi nayo ilitoa koltani ya Rubaya, inayozaa tantalamu ya kapasita ndogo. Hivyo rimoti, chaja na ving'amuzi vya dunia vilijengwa kwa sehemu kwa madini ya teritori hizi mbili, wakati wachimbaji wenyewe walimulika mashimo kwa tochi za betri kavu.

Enzi ya jenereta

Ndege na malori yaliyokuja kuchukua madini yalileta petroli, bia, simu, televisheni na jenereta. Iliyoenea zaidi ilikuwa jenereta ndogo ya kubebwa kwa mkono, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili na kutoa chini ya wati 1,000. Iliendesha vibanda vya video, baa, majokofu na meza za kuchaji simu. Petroli ilisafiri mbali, na bei yake ilipanda kila barabara ilipokatwa na mvua au vita.

Katika enzi hiyo umeme wa kusubiri haukuwepo Mubi. Jenereta iliwashwa jioni kwa kazi inayojulikana, na ilipozimwa kila kitu kilikufa pamoja nayo: televisheni, deki ya video, taa, chaja. Swichi ya kweli ilikuwa kamba ya kuwashia jenereta na kitufe cha kuizimia. Upotevu ulikuwepo, lakini wa namna nyingine, kwa kuwa jenereta inayoendesha balbu mbili hunywa petroli nyingi kuliko kazi inayoifanya. Ndiyo maana majirani walizoea kuchangia jenereta moja kwa nyaya zilizopita juu ya mapaa, na wenye simu walizipeleka kuchajiwa kwa malipo badala ya kila mtu kuwasha yake.

Biashara hiyo ilitikisika Septemba 2010, Rais Joseph Kabila aliposimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema hadi Machi 2011. Mji ulioishi kwa kasiterite ulikosa fedha ya petroli. Uchimbaji mkubwa wa kiwandani ulianza Bisie mwaka 2019 chini ya kampuni ya Alphamin, lakini mgodi huo ulijitengenezea umeme wake kwa mitambo ya dizeli.

Sola inaleta mkesha

Kushuka kwa bei ya paneli za sola katika miaka ya 2010 kuliwapa watu wa Walikale kitu ambacho jenereta haikuwahi kutoa: umeme wa saa zote. Paneli ya wati 100 juu ya paa, betri ya volti 12 chini ya meza, na inveta ya kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 220 vilitosha kuendesha televisheni na king'amuzi cha setilaiti. Hapo ndipo umeme wa kusubiri ulipoingia nyumbani, kwa kuwa sasa hakukuwa na mtu wa kuzima jenereta.

Betri ya saa-ampea 100 hubeba wati-saa 1,200. Betri ya risasi na asidi haifai kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, kwa hiyo zinazotumika bila kuiumiza ni 600. Inveta ndogo yenyewe, hata isipoendesha chochote, huweza kula wati 8. King'amuzi cha zamani kilichozimwa kwa rimoti kinaweza kula 10, na televisheni 3. Jumla ni wati 21. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, familia ikiwa imelala, wati-saa 168 huwa zimekwenda: zaidi ya robo ya akiba, na umeme wa kuwasha balbu ya wati 5 kwa saa 33.

Hasara haiishii hapo. Paneli ya wati 100 ikipata saa nne za jua zuri huzalisha wati-saa 400, na Walikale ni nchi ya msitu, mvua na mawingu. Mkesha wa usiku mmoja basi hula zaidi ya theluthi moja ya mavuno ya siku njema. Siku mbili za mawingu zikifuatana, betri hushuka hadi inveta inapoanza kulia karibu na volti 10.5, na kila mara inapofika huko umri wake hupungua. Mtu wa mjini hulipia umeme wa kusubiri kwa uniti; wa Mubi hulipia kwa betri nzima inayokufa kabla ya wakati, ambayo lazima mbadala wake usafirishwe kutoka mbali.

Mita na sheria katika miji jirani

Goma inaonyesha upande wa pili. Wateja wengi wa SNEL wasio na mita walilipa kiasi kimoja kila mwezi, wachomoe vyombo au wasichomoe. Mkesha haukuwa na bei, na hakuna aliyeuona. Sheria ya Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme kwa wazalishaji wengine. Kituo cha umeme wa maji cha Matebe, cha hifadhi ya Virunga, chenye megawati karibu 13.8, kilizinduliwa Desemba 2015, na mwaka 2020 kampuni ya Nuru ikawasha mtambo wa sola wa megawati 1.3 mjini Goma. Pamoja nao zilikuja mita za kulipia kabla, na kila wati ikapata mwenyewe.

Tanzania ilitangulia kwa LUKU, mfumo wake wa mita za kulipia kabla, na huko umeme wa kusubiri uliongezeka ghafla kwa sababu nyingine. Matangazo ya analojia yalianza kuzimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, na king'amuzi kikaingia kila nyumba yenye televisheni. Kwa bei za mwaka 2016, mteja mdogo wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, alilipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi. Wati 10 za mkesha ni uniti 7.2 kwa mwezi, karibu sehemu ya kumi ya kiwango hicho, nazo zinatosha kumsukuma mteja kuvuka mpaka wa bei nafuu.

Sheria za wati 1 na nusu wati ziliwalinda wanunuzi wa vifaa vipya huko Ulaya. Hazikuvigusa vifaa vilivyokwisha kutengenezwa. Televisheni na redio za kabla ya 2010 ziliendelea kusafirishwa kama mitumba hadi masoko ya Afrika, zikabeba transfoma zao za kizamani mpaka kwenye nyumba ambazo kila wati-saa hupatikana kwa shida.

Desturi ya kuchomoa

Dawa ya umeme wa kusubiri kwenye nyumba ya sola ni ya zamani kama swichi yenyewe: kurudisha kikato mahali umeme unapoingilia. Inveta huzimwa kwa kitufe chake kabla ya kulala, au vibanio vyake huondolewa kwenye betri. Vyombo huunganishwa kwenye kebo moja yenye swichi ili kimoja kisisahaulike. Taa na chaja ya simu hupewa umeme wa volti 12 moja kwa moja, bila kupitia inveta, na televisheni za volti 12 zinazouzwa pamoja na vifurushi vya sola huondoa haja ya inveta kabisa. Familia iliyozoea jenereta haihitaji kufundishwa upya. Kuzima kila kitu kwa pamoja usiku ndiyo desturi iliyokulia nayo. Sola iliificha desturi hiyo nyuma ya kitufe cha rimoti. Inveta ikizimwa saa nne usiku, zile wati-saa 168 hubaki ndani ya betri hadi asubuhi.