Kuku Mzima wa Mkaa: Tulichorithi na Sababu Zake



Msimu wa harusi ukikaribia, maswali kuhusu kuku mzima wa kuchoma huwa mengi. Bibi harusi anataka kujua aweke viungo gani, amwache motoni muda gani, na kwa nini wa kwake anaungua nje huku ndani bado ana damu. Sisi wa Temeke na Kinondoni tumefundishwa na mama zetu, mashangazi na makungwi, na kila mmoja ana masharti yake: mchemshe kwanza, usimchinje wewe mwanamke, firigisi ni ya baba, ndimu isikosekane. Masharti mengine yametoka kwenye dini, mengine ni mila tu, na mengine yalimfaa kuku wa zamani lakini hayamfai wa leo. Tuyatazame kwa historia yake, maana anayejua sababu ya jambo anajua lini alifuate na lini aliache.

Kuku na viungo vilikuja kwa bahari

Kuku asili yake ni Asia. Huko ndiko alikofugwa kwanza, kisha akasafiri na watu wa biashara za Bahari ya Hindi. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa yake katika makazi ya zamani ya pwani na visiwa vyetu, tangu kabla ya mwaka 1000.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta kutoka Moroko alipita pwani hii, akaanzia Mogadishu, akapita Mombasa na kufika Kilwa. Chakula alichokirimiwa Mogadishu amekieleza vizuri: wali uliopikwa kwa samli, kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, na pembeni ndimu za achari, pilipili za achari, tangawizi mbichi na maembe. Tazama hiyo sahani, dada. Kuku, ndimu, tangawizi na pilipili vilikuwa pamoja mezani pwani hii karibu miaka 700 iliyopita. Tunapomkamulia kuku ndimu na kumpaka tangawizi, tunafuata njia ya zamani sana.

Majina ya viungo nayo yana habari zake. Kitunguu saumu wengine hudhani kimepewa jina la saumu ya Ramadhani. Hapana, neno hilo limetoka kwenye Kiarabu thum, na ndiyo maana ndugu zetu wa visiwani na Mombasa husema kitunguu thomu. Bizari nayo ni neno la Kiarabu. Mdalasini umetoka kwenye Kiajemi, kwa maana ya mti wa China. Pilipili manga ilipata jina kwa sababu Manga ni Uarabuni, na majahazi ya huko ndiyo yaliyoileta, ingawa yenyewe huota India. Pilipili kali nyekundu asili yake ni Amerika. Ilienea huku baada ya Wareno kufika pwani yetu mwaka 1498, ikachukua jina la pilipili lililokuwepo tayari. Kwa hiyo kuku wa Ibn Battuta hakuwa na pilipili mbuzi.

Na Wahindi wa Dar es Salaam wana fungu lao. Kuku wa sekela anayechomwa mitaa ya mjini jina lake limetoka kwenye neno la Kigujarati lenye maana ya kuchoma, na kumlaza kuku kwenye mtindi na bizari tumejifunza kwao. Sisi wa pwani tulikuwa na tui. Kuku wa kupaka ni kuku aliyechomwa, kisha akapakwa tui zito lililopikwa na viungo mpaka limshike.

Uani palikuwa petu

Siku hizi ukisema kuchoma kuku, watu humfikiria kijana aliyesimama barabarani mbele ya jiko kubwa. Uchomaji wa biashara umekuwa kazi ya wanaume. Lakini nyumbani moto ulikuwa wetu.

Dar es Salaam ilianzishwa na Sayyid Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860, lakini maisha ya pwani hapa ni ya zamani zaidi. Kunduchi, ndani ya Kinondoni, bado kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina. Mji ulipokua, na hasa baada ya Vita Kuu ya Pili pale Waingereza walipopima viwanja Magomeni na Temeke, nyumba iliyoenea ilikuwa ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma kuna ua. Uani ndipo palipokuwa na jiko, kinu, mbuzi ya kukunia nazi na mtungi wa maji. Mwanamke aliweza kukaa huko bila baibui, akapika na wenzake, na mabinti wakajifunza kwa kutazama.

Hapo ndipo ilipokaa elimu ya kupalia, yaani kuweka makaa juu ya mfuniko na makaa chini ya sufuria. Hatukuwa na oveni, lakini mkate wa sinia uliiva juu na chini, na kuku mzima pia. Leo wapangaji ni wengi, nyua zimejengwa vyumba vya kupangisha, na watoto wengi wa kike wanaolewa bila kuona kupalia hata mara moja.

Kuku mzima na heshima

Zamani kuku hakuwa chakula cha kila siku. Aliachwa atage na kuangua, na alichinjwa kwa ajili ya mgeni, mkwe, mzazi aliyejifungua au Idi. Asipokatwakatwa, mgeni alijua hakuna kilichofichwa jikoni. Ndiyo maana katika kombe la bwana harusi, sinia linaloandaliwa kwa heshima yake, kuku mzima ana nafasi yake.

Kumkirimu mgeni kwa nyama ya kuchoma ni jambo tunalolisoma katika Qur'an. Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake, alipojiwa na wageni asiowajua, hakukawia kuwaletea ndama wa kuchoma. Limo katika Surat Hud, aya ya 69, na katika aya ya 71 mke wake ametajwa akiwa amesimama hapo hapo. Na kuku mwenyewe, Abu Musa al-Ash'ari, Allah amridhie, amesimulia kwamba alimwona Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, akimla. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim.

Sasa tuje kwenye masharti. Wengi tumekuzwa tukiambiwa mwanamke hachinji. Kuku ananunuliwa asubuhi, anafungwa miguu, na nyumba nzima inamsubiri mwanaume apite. Lakini katika Sahihi Bukhari imo habari ya Ka'b bin Malik: kijakazi wake alimwona mbuzi anataka kufa, akavunja jiwe, akamchinja kwa jiwe hilo. Mtume alipoulizwa, aliamuru waile nyama yake. Wanazuoni wametumia hadithi hii kuonesha kuwa kichinjo cha mwanamke Muislamu ni halali. Kinachotakiwa ni Bismillah, kisu kikali, na kumfanyia mnyama wema, kama tunavyofundishwa katika hadithi ya Shaddad bin Aws iliyopokelewa na Muslim. Usimnolee kisu mbele ya macho yake na usimburute. Kama mkono unaogopa, mwachie mwingine, lakini usiseme dini imekukataza.

Firigisi nayo ni hivyo hivyo. Makabila mengi ya nchi yetu yalimtengea baba, na mengine yaliwanyima wanawake hata kuku na mayai. Mkeo kumwekea mumewe firigisi kwa mapenzi ni jambo zuri. Kumnyima mjamzito chakula chenye damu na nguvu kwa sababu ni mwanamke, hilo halina msingi katika dini yetu.

Kuku alipobadilika

Katika miaka ya 1980 hali ya uchumi ilikuwa ngumu na mshahara wa mwezi haukufika hata nusu ya mwezi. Wanawake wa Dar es Salaam ndio walioshika nyumba kwa miradi: maandazi, vitumbua, cherehani, na mabanda ya kuku uani. Ndivyo kuku wa kisasa alivyoingia mitaani kwetu. Wiki tano au sita tu yuko tayari. Kuku wa kienyeji, ambaye leo wengi huja kwa magari kutoka Singida na Dodoma, huhitaji miezi.

Hapa ndipo maharusi wengi wanapokwama. Mama zetu walimchemsha kuku kwanza kwa sababu alikuwa wa kienyeji, mwenye misuli migumu ya kutembea kutwa. Moto wa mkaa peke yake ungemkausha kabla hajalainika. Ukimfanyia hivyo wa kisasa anavunjika, ladha inabaki kwenye maji, na ukimweka wavuni anaachia mifupa. Sharti lilikuwa sahihi. Kuku ndiye aliyebadilika.

Basi tunafanya hivi.

Wa kienyeji mchemshe na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu mpaka uma uanze kuingia pajani bila shida. Mtoe, mpake viungo, mchome dakika 15 hadi 20 apate rangi. Supu usiimwage. Mtume alimuusia Abu Dharr azidishe maji ya mchuzi na awakumbuke jirani zake, na harufu ya kuku wa kuchoma jirani ameshaipata.

Wa kisasa usimchemshe. Mpasue mgongoni umlaze bapa, maana unene ukilingana ataiva sawasawa. Mtie chale za kina mapajani. Twanga tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga na chumvi, ongeza bizari na mtindi kidogo, msugue mpaka chini ya ngozi, mwache saa 4 au usiku mzima kwenye friji. Ndimu iongeze saa ya mwisho, kwa sababu ikikaa muda mrefu nyama ya kuku laini huwa kama imepikwa nusu na kuota unga. Viungo vilivyogusa nyama mbichi usivitumie kumpakia akiwa ameiva. Tenga vingine mapema.

Mkaa usiuweke kuku wakati una ndimi za moto. Subiri ushike jivu jeupe, kisha usogeze pembeni, katikati pabaki wazi, ili mafuta yakidondoka yasiwake. Anza upande wa mifupa, ngozi iwe mwisho. Mfunike kwa sufuria, na kama una mfuniko mpana, palia makaa machache juu yake. Kuku wa kilo moja na kidogo huchukua dakika 45 hadi saa nzima. Mchome kwa kisu pale paja linapoungana na mwili. Maji yakitoka meupe bila damu, ameiva.

Neno kuhusu mkaa

Mkaa una gharama zake. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilikadiria kuwa karibu nusu ya mkaa wa nchi nzima hutumika Dar es Salaam. Misitu inaisha na gunia linapanda bei. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Sisi hatuoni kuwa hilo linamfuta kuku wa mkaa. Chai, maharage na wali vipike kwa gesi, mkaa ubaki kwa mgeni, mkwe na Idi, kama kuku mwenyewe alivyokuwa zamani. Vifuu vya nazi navyo vinatoa kaa zuri la kuchomea.

Na tafadhali, jiko liwe nje. Nyumba za kupanga zimebana, na kuna wanaochomea kibarazani kisha wakaliingiza ndani wakati wa mvua. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na imeua watu waliolala. Jivu lilizime kwa maji kabla hujafunga mlango.

Dada unayeolewa mwezi huu, siku kuku wa kwanza akikuungulia usilie. Muulize mama mkwe yeye alikuwa akichoma kuku wa aina gani, na kwa moto gani. Utapata historia ya nyumba unayoingia, na huenda ukafundishwa kupalia.

Allah azijaalie nyumba zetu riziki ya halali na wageni wema. Amin.